Pedi za breki za gari zito la porini: utazichaguaje?

Ukiingia duka la spea jijini Arusha ukaulizia pedi za mbele za Land Cruiser, utapangiwa maboksi kadhaa juu ya kaunta, bei zikiwa zimeachana mbali. Muuzaji atakwambia hili ni keramiki, hili ni orijino, na zile ni ngumu, zitakaa msimu mzima. Dereva aliyesimama pembeni ataapa kwamba pedi ngumu ndiyo pedi ya milimani. Ukimpigia fundi wako, atasema chukua yoyote ilimradi inaingia. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na mnunuzi anatoka hapo na mfuko mkononi bila kujua amenunua nini. Kwa gari dogo la mjini kosa hilo litakuletea kelele na vumbi kwenye rimu. Kwa gari la tani tatu na nusu lililojaa watu, kwenye mteremko wenye korongo upande mmoja, ni suala la roho za watu.

Nitatumia mfano mmoja: Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyorefushwa chesi kwa ajili ya watalii, inayotoka Arusha, inapanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, inapita Karatu na kushuka Kreta ya Ngorongoro. Mwenye gari la mzigo linalopita milima ya Kitonga au Sekenke, au pikapu inayopanda na kushuka Lushoto, atayakuta yake humu humu.

Kwanza majina. Diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Pedi ni vipande viwili vinavyoibana diski hiyo kutoka pande mbili. Kila pedi ina bati nene la chuma kwa nyuma, na mbele yake kuna mchanganyiko wa unga na nyuzi ulioshindiliwa kwa gundi na kuokwa mpaka ukawa mgumu. Huo mchanganyiko ndio unaosuguana na diski na kwisha taratibu. Kalipa ndiyo inayozishika pedi na kuzisukuma kwa pistoni zake. Ya mbele kwenye gari hili ina pistoni nne, mbili kila upande. Nyuma, Land Cruiser nyingine zina diski na nyingine zina dramu, ambamo breki shuu hutanuka na kusugua kwa ndani.

Kazi ya breki ni moja: kugeuza mwendo kuwa joto na kulitupa joto hilo hewani. Ukilielewa hili, nusu ya mabishano ya dukani inakwisha yenyewe. Chukua gari letu la kilo 3,500 likiwa na abiria, mafuta na mizigo, likiteremka mita 600, ambazo kwa makadirio ndizo kina cha Kreta kutoka ukingoni hadi chini. Nishati inayotakiwa kumalizwa njiani ni kama megajuli 20. Kulisimamisha gari hilohilo kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni megajuli 1.35 tu. Mteremko mmoja, basi, ni sawa na kufunga breki kutoka mwendo wa 100 mara 15 mfululizo. Joto hilo likikusanywa lote, linatosha kuchemsha ndoo tatu za maji za lita 20. Sehemu yake inamezwa na injini ukishuka kwa gia, sehemu na matairi na upepo. Inayobaki inaingia kwenye diski na pedi, na breki za mbele hubeba sehemu kubwa zaidi, kwa sababu kwenye mteremko uzito wa gari unaegemea mbele.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni jinsi pedi inavyoshika ikiwa imeshachemka. Pedi nyingi hushika vizuri asubuhi, gari likiwa tupu, kwenye lami ya tambarare. Ndiyo maana kuijaribu pedi mpya kwa kuzunguka mtaani na kurudi gereji hakukuonyeshi chochote cha maana.

Breki zikizidiwa na joto, zinashindwa kwa namna mbili, na ni muhimu dereva azitofautishe. Namna ya kwanza ni ya pedi yenyewe. Ile gundi inayoshika mchanganyiko inaanza kuungua, inatoa gesi, na kati ya pedi na diski panateleza. Unakanyaga, pedeli iko juu na ngumu kama kawaida, lakini gari halishiki, na harufu kali ya kuungua inaingia ndani. Namna ya pili ni ya mafuta ya breki. Yakichemka yanazaa mapovu, na mapovu hubonyea. Hapo pedeli inakuwa laini na kuzama hadi chini. Tatizo la kwanza linaweza kutibiwa kwa pedi bora. La pili halitibiwi na pedi yoyote duniani, hata ya bei gani, na nitalirudia baadaye kwa sababu watu wengi hununua pedi mpya kutibu pedeli laini.

Sasa tuje kwenye aina. Pedi za ogani zina nyuzi zisizo za chuma, mpira na gundi nyingi. Ni laini, hazipigi kelele, zinashika mara moja zikiwa za baridi, na bei yake ni nafuu. Kwa gari dogo zinatosha kabisa. Kwa gari letu hapana: zinachoka mapema joto likipanda, na kwenye vumbi na tope zinaliwa haraka.

Pedi za nusu chuma zina nyuzi za chuma na unga wa chuma, kwa kawaida kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wa mchanganyiko. Zinavumilia joto kuliko za ogani na zinalipitisha joto haraka badala ya kulirundika usoni mwa pedi. Ubaya wake unajulikana: zinaweza kulia, zinatoa vumbi jeusi linalogeuka kutu kwenye rimu, zinaila diski zaidi kidogo, na zikiwa baridi sana alfajiri pale ukingoni mwa Kreta, kanyago la kwanza huwa zito. Jambo moja lisilosemwa sana ni kwamba lile joto zinalolipitisha haraka linaelekea kwenye pistoni, na nyuma ya pistoni kuna mafuta ya breki. Ukinunua pedi za nusu chuma, panga na kubadilisha mafuta.

Keramiki ndiyo inayoleta mkanganyiko mkubwa kuliko zote. Watu wamesikia kwamba magari ya kifahari ya mbio yana breki za keramiki, wakaunganisha na boksi lililopo dukani. Ni vitu viwili tofauti. Kule diski yenyewe ndiyo imetengenezwa kwa kaboni na keramiki, kwa bei ambayo ni ya gari zima kwa wengi wetu. Hapa ni pedi ya kawaida yenye nyuzi za keramiki ndani ya mchanganyiko, inayofanya kazi na diski yako ileile ya chuma. Sifa zake za kweli ni utulivu, vumbi kidogo na upole kwa diski, sifa nzuri kwa gari la familia. Zipo keramiki zilizotengenezwa kwa ajili ya magari mazito na zinafanya kazi vizuri, lakini hakuna kiwango kinachosema pedi iwe na keramiki kiasi gani ndipo iitwe hivyo. Neno lenyewe kwenye boksi, peke yake, halikuhakikishii kitu chochote kuhusu mteremko.

Ushauri wangu kwa gari la mfano wetu ni nusu chuma ya mtengenezaji anayejulikana, na inayosema wazi kwamba imetengenezwa kwa magari ya mzigo au ya nje ya barabara. Zipo pia pedi za chuma kitupu kilichoshindiliwa kwa joto. Hizo waachie wenye mitambo ya migodini na pikipiki.

Herufi mbili zinazosema zaidi ya boksi

Itoe pedi ndani ya boksi na uiangalie ubavuni au nyuma ya bati. Kwenye pedi nyingi utakuta mfululizo wa namba na herufi unaomalizika kwa herufi mbili, kama EE, FE, FF au GG. Huo ni mfumo wa Marekani wa kupima msuguano. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida la kazi, la pili inaeleza msuguano pedi ikiwa imepashwa moto hadi karibu nyuzi 340 za Selsiasi. E ni msuguano kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo pedi inavyong'ang'ania zaidi kwa nguvu ileile ya mguu.

Herufi ya kutazama kwanza ni ya pili. Pedi ya FE inaanza vizuri kisha inapungua ikichemka, na huko ndiko hasa tunakoihitaji. FF imebaki palepale. GG inang'ang'ania zaidi na haijashuka. Kwa gari zito mimi nisingechukua pedi ambayo herufi yake ya pili iko chini ya F, wala ambayo herufi ya pili iko chini kuliko ya kwanza. Lakini tusizipe herufi hizi uzito usio wake. Hazisemi pedi itadumu muda gani, hazisemi kitakachotokea juu ya joto hilo la majaribio, na kipimo hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi maabara, gari halipo.

Alama ya pili ya kutafuta ni ya R90, kanuni ya Umoja wa Mataifa inayotumika sana Ulaya. Utaona herufi E yenye namba ya nchi ndani ya duara, E1 ikiwa Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi, na karibu yake namba 90R. Maana yake ni kwamba pedi hiyo imejaribiwa na kuonekana haitofautiani na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 juu au chini. Kanuni hiyohiyo inataka boksi liwe limefungwa kwa namna ambayo likishafunguliwa itajulikana. Pedi yenye alama ya E ndani ya boksi lililokwisha kuchokonolewa ni ya kurudisha kaunta.

Kwa pedi za Toyota zenyewe, namba ya spea ya pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na breki shuu 04495. Nenda dukani na namba ya chesi, maana Land Cruiser mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na kalipa tofauti. Hapa ndipo "ilimradi inaingia" inapoangusha watu: umbo moja la bati linaweza kutengenezewa mchanganyiko wa aina tatu, kuanzia wa gari la mjini hadi wa gari la mzigo, na zote zikaingia vizuri kwenye kalipa yako.

Orijino nayo ina mpaka wake. Ni pedi ya kuaminika ikiwa kweli ni orijino, lakini ilipimwa kwa gari lililotoka kiwandani. Wewe umerefusha chesi, umeongeza viti, tangi la pili la mafuta, jokofu na tairi mbili za akiba nyuma. Kama umeweka na tairi kubwa, umeinyima breki nguvu tena: kutoka inchi 31 kwenda 33, breki zilezile zinapoteza karibu asilimia 6 ya nguvu pale tairi linapogusa ardhi. Gari limebadilika, kwa hiyo kutaka pedi inayovumilia joto kuliko ya kiwandani si kujitia makuu.

Kuhusu ugumu. Imani kwamba pedi ngumu ndiyo bora imekaa muda mrefu kwa sababu pedi hiyo hudumu, na kwa mwenye gari kudumu ni pesa. Lakini pedi inaweza kudumu kwa sababu haishiki. Diski inapita, pedi inaiangalia tu, dereva anaongeza mguu. Ukiona pedi ya bei rahisi inayokaa msimu mzima wa safari bila kupungua, ipime kwa urefu wa kusimama kabla ya kuisifu. Na pedi ngumu kupita kiasi huichimba diski mifereji, kisha unalipa kuchonga diski au kununua mpya.

Pedi feki zinatambulika kwa mikono zaidi ya macho. Zipange zote nne kwenye kaunta. Unene ulingane, mchanganyiko uwe umekaa sawasawa hadi kwenye kingo za bati bila ufa wala pengo la kupitisha ukucha. Tazama hasa pale mchanganyiko unaposhikana na bati. Magari yanayopita tope la magadi, kama la kandokando ya Ziwa Natron, huanza kula kutu mahali hapo, na kutu ikivimba inaubandua mchanganyiko kipandekipande hata kama bado ni mnene. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kubandikiwa mchanganyiko mpya kwenye bati la zamani. Kupiga ribiti breki shuu za lori ni kazi ya kawaida inayofanywa vizuri na mafundi wengi. Kubandika pedi kwa gundi nyuma ya gereji ni kitu kingine kabisa.

Pedi haifanyi kazi peke yake

Nimesema pedeli laini haitibiwi na pedi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kila tone la maji linashusha joto ambalo yatachemkia. Mafuta haya huuzwa kwa madaraja yanayoitwa DOT. Kwa viwango vya chini vya kila daraja, DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Angalia pengo hilo. Mafuta ya miaka minne ndani ya gari lenye pedi nzuri za nusu chuma ni mtego. Badilisha kila miaka miwili, toa hewa iliyobaki kwenye mfumo wa breki wa kila gurudumu, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Kitu kingine kinachomaliza pedi za mbele kabla ya wakati hakipo mbele. Land Cruiser nyingi za kubeba mzigo zina vali karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa na mkono mdogo wa chuma. Gari likibeba mzigo linabonyea, mkono unasogea, na vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukiongeza springi za nyuma ili gari lisibonyee, kama wanavyofanya karibu wote wanaorefusha chesi, vali inaona gari lipo juu na kudhani ni tupu. Inazinyima breki za nyuma nguvu, za mbele zinabeba kazi yote. Mwenye gari anabadilisha pedi za mbele mara kwa mara, analaumu duka, na kumbe mkono ule haukurekebishwa siku gari lilipoinuliwa. Mwambie fundi aukague kabla hujanunua pedi za bei kubwa. Na kama nyuma ni dramu, breki shuu zikazwe, kwa sababu zikilegea matokeo ni yaleyale.

Maji nayo. Kuna wanaomwagia diski maji wakifika chini ya mteremko. Chuma kilichochemka kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupinda au kupasuka nyufa ndogo, na baada ya hapo pedeli inatetemeka kila ukikanyaga. Breki zikichemka, simama mahali salama kama unaweza, acha upepo ufanye kazi, na usivute breki ya mkono kwa nguvu nyuma zikiwa moto. Weka jiwe kwenye tairi. Bora zaidi ni kutofika huko: ile gia ndogo ya pembeni ikiwa kwenye lo (mwendo mdogo wenye nguvu), gari kwenye gia ya kwanza au ya pili, breki zinagongwa kwa vipindi na kuachiwa. Mguu unaokaa juu ya pedeli kutoka juu hadi chini utaimaliza pedi yoyote niliyoitaja hapa.

Siku ya kufunga, fundi asafishe pistoni kabla ya kuzirudisha ndani. Tope lililoganda kwenye pistoni likisukumwa ndani linachana mpira, na kalipa inaanza kuvuja au kuganda. Unene wa diski upimwe kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene, na kulinganishwa na kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Asbesto, nyuzi za madini zilizokuwa zikitiwa kwenye pedi, ilipigwa marufuku Umoja wa Ulaya tangu 2005, lakini bado inatumika katika nchi nyingine, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Pedi mpya inahitaji kukalishwa. Tafuta barabara tupu, endesha kilomita 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi 10 bila kusimama kabisa, endesha kidogo zipoe, rudia mara kumi hivi. Tabaka jembamba la pedi linabaki juu ya diski, na msuguano mzuri unatokana na tabaka hilo. Gari linaloondoka gereji moja kwa moja kwenda Ngorongoro likiwa na pedi mpya linakutana na mteremko mkali kabla tabaka hilo halijakaa.

Baada ya hapo ni kukagua, na msimu wa Juni hadi Oktoba kila gari linaporudi kutoka porini. Kwenye kalipa hii unene unaonekana kwa tochi bila kufungua kitu. Mchanganyiko ukibaki milimita 3, badilisha, tena zote nne za mbele kwa pamoja. Ukikuta ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, au gurudumu moja limemaliza na jingine halijafika nusu, tatizo si pedi. Kuna pistoni iliyoganda, na kalipa hiyo ifunguliwe kabla pedi mpya hazijaingia.